Dada, nimeishiwa hamu na PhD yangu, ni uvivu au kuna kitu?

Shikamoo Dada,

Naomba usitaje jina langu. Niko mwaka wa tatu wa PhD na kusema ukweli nimechoka, yani siyo ule uchovu wa kulala ukaisha, ni ule wa kuamka asubuhi unaangalia dari dakika arobaini unajiuliza hivi leo nisipoenda maabara kuna mtu atagundua kweli. Na jibu ni hapana, hakuna atakayegundua mpaka siku ya ripoti.

Nafanya utafiti wa tando za kuchujia maji. Mradi unalipiwa na kampuni inayotengeneza vichujio, chuo na kampuni wana mkataba wa miaka minne, mimi nimekuja nikaukuta umeshasainiwa. Wanachotaka wao ni namba moja tu, baada ya siku 30 utando unapitisha lita ngapi kwa saa. Basi. Kila mwezi kuna kikao, slaidi ni zilezile, kijani njano nyekundu, kama namba imepanda ni kijani, kama imeshuka ni nyekundu na hapo supavaiza wangu anakaa kimya njia nzima tukirudi.

Sasa Dada kuna kitu kilitokea mwaka wa kwanza mwishoni. Usiku mmoja pampu ilizimika, asubuhi nikakuta utando uliokuwa umeziba karibu kabisa umefunguka wenyewe, maji yanapita karibu kama ilivyokuwa siku ya tano. Najua kuupumzisha utando kunasaidia kidogo, hilo watu wanalijua miaka mingi, lakini siyo kwa kiasi kile. Nkarudia makusudi, nkazima pampu saa sita usiku nkaiwasha saa kumi na mbili asubuhi, ikatokea tena. Utando wa tatu haikutokea. Wa nne ikatokea. Nililala palepale kwenye viti viwili nimejifunika koti la maabara na sikusikia baridi, nilikuwa nasubiri tu kupambazuke niwashe pampu. Nina daftari zima la hiyo kitu, nimeandika kwa kalamu nyekundu ili nisichanganye na kazi ya kampuni.

Nilimuonyesha supavaiza, akaangalia grafu vizuri tu, akasema inavutia ila haimo kwenye mkataba, tumalize kwanza hii ya siku 30. Nkaiweka kwenye kikao cha kampuni, ilikuwa slaidi ya tisa, yule bwana akasema twende inayofuata. Sijaigusa tena tangu hapo, ni mwaka na nusu sasa.

Halafu kuna kongamano. Nilikubaliwa kabisa kwenda kuwasilisha kazi yangu, ile kazi yao ya siku 30, bango nikachapisha. Wakasema ngoja kwanza, kampuni lazima wapitie, siku 60, kuna mambo ya patenti, yani haki ya kumiliki uvumbuzi. Huu ni mwezi wa saba nasubiri. Kongamano limepita, bango limekunjwa kwenye bomba lake nyuma ya mlango wangu, kila nikifunga mlango linaanguka.

Nikiwaambia rafiki zangu wananiambia wewe unalipiwa ada, una posho, kuna watu hawana mfadhili wanalia, acha kudeka. Na mimi nimeanza kuamini. Zamani nilikuwa nasoma pepa usiku kwa raha, siku hizi nikifungua naona maandishi tu. Usingizi wenyewe wa shida. Je ni uvivu? Niache? Au nivumilie tu mwaka mmoja na kidogo nipate karatasi yangu niondoke?

Mdogo wako,
wa kalamu nyekundu

*

Marahaba mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nahesabu mistari. Kazi ya kampuni ambayo ndo imekula miaka yako karibu mitatu umeielezea kwa haraka, unataka uimalize upite. Utando uliofunguka usiku umeuelezea na saa ulizozima pampu, na viti, na koti, na ule wa tatu ambao haukufunguka. Mtu aliyeishiwa hamu ya utafiti hakumbuki utando wa tatu. Kwa hiyo swali lako la kwanza nimeshakujibu, siyo uvivu. Hamu ipo, imefungiwa kwenye daftari.

Naomba nikueleze ninavyoona mimi, na nasema haya nikiwa nimepita humohumo, masta yangu niliifanya kwenye mradi wa namna hiyo na ripoti yangu ilipigwa muhuri wa siri ikaingia kabatini, sijaiona tena mpaka leo. Nilidhani kilichoniua moyo ni pesa za watu. Baadaye ndo nikaelewa kwamba pesa haina shida yoyote, maji ya kuchuja yanahitaji pampu na pampu inanunuliwa. Kinachoua ni vitu viwili, nani anachagua swali, na nani anaruhusiwa kusikia jibu. Wewe vyote viwili umenyang'anywa.

Hili la kwanza limepimwa siku nyingi. Mwaka 1971 Edward Deci alichapisha jaribio alilofanya na wanafunzi wa chuo, aliwapa fumbo la vipande vya kupanga, kitu ambacho watu wanakicheza wenyewe kwa kupenda tu. Wengine akawalipa kwa kila umbo walilopatia, wengine hakuwalipa. Malipo yalipoondolewa, wale waliokuwa wanalipwa wakapunguza kulishika lile fumbo kwenye muda wao huru. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake wakafanya kitu cha aina hiyo kwa watoto wadogo wanaopenda kuchora. Walioahidiwa cheti chenye utepe wakichora, siku za baadaye muda wao wa kuchora ulikuwa karibu nusu ya wenzao. Lakini sikiliza hapa, watoto waliopewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa, bila kuahidiwa kabla, hawakupungukiwa na kitu. Cheti ni kilekile! Tofauti ni kwamba kundi moja lilichora ili lipate cheti, na lingine lilichora tu.

Deci na mwenzake Richard Ryan waliendelea na hiyo kazi miaka mingi wakafikia kusema kwamba mtu ili afanye kitu kwa moyo anahitaji mambo matatu, ajione ana uamuzi kwenye kazi yake, ajione anakua kwa uwezo, na awe ameungana na watu. Sasa soma barua yako. Uamuzi, mkataba ulisainiwa kabla hujafika. Uwezo, unapimwa kwa rangi tatu, na namba ikishuka hata kama umejifunza kitu kikubwa bado ni nyekundu. Watu, kongamano ambalo ungekutana na wanaojua tando kukuzidi limepita na bango liko nyuma ya mlango. Mtu yeyote akiwekwa hapo anazima, hata awe na bidii gani. Na wale rafiki zako wanaosema unadeka kwa sababu una posho, wanakupenda sawa, ila wanajibu swali ambalo hujauliza, wewe hujalalamika njaa.

Halafu ujue hii hali haijaanzia kwako wala kwa supavaiza wako. Marekani mpaka mwaka 1980 uvumbuzi uliotokana na fedha za serikali kwa kawaida patenti zake zilikuwa za serikali, ndo ikapitishwa sheria inaitwa Bayh-Dole, vyuo vikaruhusiwa kuzimiliki na kuziuza leseni, na nchi nyingi zikafuata njia hiyo. Vyuo vikafungua ofisi za kushughulika na patenti na mikataba. Kila mtu aliangalia mfano wa Stanford na Chuo Kikuu cha California, patenti za Cohen na Boyer za kuunganisha vipande vya DNA ziliingiza kama dola milioni 255 mpaka zilipoisha muda wake 1997. Nani asingetamani? Lakini hizo ni chache sana, ofisi nyingi za aina hiyo hazirudishi hata gharama zake, na huku chini tabia imeshabadilika, mwanafunzi anaanza kuonekana kama kifungu cha bajeti.

Na hili la pili, la nani asikie jibu, hapa ndo naomba utulie usome vizuri manake ndo lina dawa yako.

Betty Dong alikuwa mtafiti Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Kampuni ya Boots ililipia utafiti wake wa kulinganisha dawa yao ya tezi ya shingo na za wengine zilizokuwa bei rahisi. Akamaliza 1990, akakuta zinafanya kazi sawa tu. Jarida la JAMA likakubali pepa yake, itoke Januari 1995, ikaondolewa siku chache kabla, ikaja kutoka Aprili 1997. Miaka saba tangu kazi iishe, na wagonjwa muda wote huo wananunua ya bei kubwa. Walimzuiaje? Kwa sentensi moja kwenye mkataba aliousaini, kwamba matokeo hayachapishwi bila kampuni kukubali kwa maandishi. Sentensi moja tu mdogo wangu.

Kwa hiyo kabla hujaamua kuacha wala kuvumilia, kazi yako ya kwanza wiki hii ni kuuona huo mkataba kwa macho yako. Barua nzima hujaniambia kama umewahi kuusoma, na siyo kosa lako, wanafunzi wengi hawajawahi hata kuambiwa kwamba wanaweza kuuomba. Muombe supavaiza, akishindwa nenda ofisi ya utafiti ya chuo, waambie unaomba vipengele vinavyogusa tasnifu yako na uchapishaji. Bei zao wafiche, hazikuhusu. Tafuta kipengele cha kuchapisha. Kinasema kampuni wana siku ngapi za kupitia? Siku zikiisha bila jibu inakuwaje, ni ruhusa au ni zuio? Wakitaka kuongeza wanaongeza mara ngapi? Wanapitia ili kutoa siri zao na kuandaa patenti, au wana haki ya kukataa kabisa? Hivi viwili ni mbingu na ardhi. Na angalia kama tasnifu imetajwa peke yake, vyuo vingi vina kanuni kwamba hakuna mkataba unaoweza kumzuia mwanafunzi asitetee tasnifu yake.

Umesema siku 60. Hizo ni za kawaida, hata taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, NIH, kwenye miongozo yake iliona kuchelewesha siku 30 hadi 60 kwa ajili ya patenti ni sawa. Ila miezi saba siyo siku 60. Na hili neno "mambo ya patenti" usiliogope, nikufungue macho kidogo. Ni kweli kwamba Ulaya ukishatangaza hadharani kabla ya kuomba patenti umeiharibu, kwa hiyo wana haki ya kusema ngoja. Lakini kinachosubiriwa ni kuwasilisha maombi, siyo patenti kutolewa. Marekani kuna maombi ya awali, unawasilisha maelezo unapata tarehe, halafu una miezi 12 ya kukamilisha maombi yenyewe. Tarehe ikishapatikana, kwa kile kilichoelezwa mule ndani bango lako linaweza kutundikwa. Kwa hiyo swali la kumuuliza supavaiza, kwa imeili, kwa heshima zote, ni moja, maombi yamewasilishwa tarehe gani, au yatawasilishwa lini? Tarehe. Kama hakuna maombi yoyote yanayoandaliwa basi bango lako halizuiwi na patenti, limesahaulika tu kwenye meza ya mtu, na vitu vilivyosahaulika vinatoka vikiulizwa mara mbili tatu. Hutakuwa wa kwanza, David Blumenthal na wenzake waliwauliza wahadhiri wa sayansi za uhai huko Marekani, pepa ikatoka 1997, karibu mmoja kati ya watano alikiri kwamba ndani ya miaka mitatu amewahi kuchelewesha matokeo yake zaidi ya miezi sita.

Sasa daftari. Hapa naomba uwe makini manake najua kishawishi, usiende kufanya usiku kimyakimya kwa tando za kampuni halafu ukachapisha, watakumaliza na utakuwa umewapa sababu. Iingize mlangoni. Ulipomuonyesha supavaiza ulimuonyesha kitu cha ajabu, na mtu mwenye mkataba shingoni kitu cha ajabu kinamuongezea mzigo. Mpelekee kazi iliyokatwa ndogo, ukurasa mmoja, tando sita, usiku kumi, asubuhi moja kwa wiki, na mwisho itakuwa sura ya nne ya tasnifu. Na mwambie ukweli ambao upo mezani hamjauona, kampuni inataka maji mengi siku ya 30, na wewe una usiku ambao utando ulirudi kama siku ya tano, hiyo namba yao na daftari lako ni kitu kimoja. Wao wanauliza ngapi, wewe unauliza kwa nini, na bila kwa nini hiyo ngapi yao itaendelea kuwa nyekundu. Sisemi hivi ili uwafurahishe. Nasema ili swali lako lipate kitanda cha kulala ndani ya mradi.

Kuhusu supavaiza mwenyewe, umeniambia anakaa kimya njia nzima namba ikiwa nyekundu. Hicho kimya kimenihuzunisha. Inawezekana sana naye ana daftari lake mahali, na mishahara ya watu watatu wanne inategemea ile rangi. Simtetei, miezi saba alitakiwa akupiganie, ila mwendee kama mtu aliyebanwa, usimwendee kama adui, utapata zaidi. Akikataa ule ukurasa mmoja, nenda kwa mjumbe mwingine wa kamati yako ya tasnifu, umuombe nusu saa ya kuongea sayansi tu, lawama ziache. Unahitaji mtu mmoja wa kukuuliza swali kuhusu huo utando. Mmoja anatosha kuanzia.

Niache au nivumilie, umeuliza. Kuvumilia kwa kuuma meno mwaka na kidogo sikushauri, umeshajaribu mwaka na nusu na umeona kinachotokea, hata pepa husomi. Kuacha nako usiache leo, kwa uchovu huu hutajua umeacha utafiti au umeacha mradi. Nipe miezi mitatu. Usome mkataba, upate ile tarehe, upeleke ule ukurasa. Ikifika mwisho wa miezi mitatu ukakuta kampuni wana haki ya kukataa moja kwa moja, supavaiza amekataa, kamati imekataa, tasnifu yenyewe inaweza kufungiwa, hapo ondoka, na uondoke kichwa juu, uulize kubadilisha supavaiza au kutoka na masta kwa kazi uliyokwishafanya. Ila hata mlango mmoja ukifunguka, baki.

Na usingizi, tafadhali. Hilo umeliweka mwishoni kama kitu kidogo na mimi sijalipita. Kuna utafiti wa Teresa Evans na wenzake, 2018, watu 2,279, wengi wao wa PhD, kutoka nchi 26, asilimia 39 walionyesha dalili za sonona ya kati mpaka kali. Waliojibu walijitolea wenyewe kwa hiyo huenda walioumia ndo walijitokeza zaidi, lakini hata ukipunguza bado ni wengi mno. Kuangalia dari dakika arobaini kila asubuhi kunaweza kuwa ni mradi, na kunaweza kuwa ni ugonjwa ambao mradi umeuchokoza, mimi kwa barua siwezi kutofautisha, daktari au mshauri wa wanafunzi anaweza. Nenda wiki hiihii, usisubiri majibu ya mkataba. Na ukifika mahali ukawaza kujidhuru, usimalize hata siku, mwambie mtu aliye karibu na wewe akupeleke.

Bango litoe kwenye bomba ulitundike chumbani kwako, ukutani kwako siyo hadharani, hakuna mkataba unaokataza.

Ukipata jibu la tarehe niandikie hata mistari miwili. Na nimekuwa nikijiuliza tangu jana, ule utando wa tatu ambao haukufunguka, ulikatwa kwenye shiti moja na zile nyingine?

Dada yako